Meno ya Kahe

Mwalimu Aristides hakuwa mtu wa kukaririsha. Walimu wengine wa kemia pale Moshi waliwaimbisha wanafunzi elementi ishirini za kwanza mpaka watoto wakawa wanaziimba hata wakifua soksi, na mtihani ukija hakuna anayejua sodiamu inafananaje. Yeye alikuwa na mtindo wake. Kila mwaka, kidato cha tatu kikifika kwenye jedwali la elementi, alileta mfuko wa vizibo vya soda, kila kizibo kimeandikwa alama ya elementi moja, akauzungusha darasani. Utakayoitoa ndiyo yako. Utaisoma, kisha utasimama mbele ya wenzako uwaeleze iko kundi gani, majirani zake ni akina nani, na tabia inabadilikaje ukishuka chini ya kundi au ukienda kulia. Mwisho, na hapo ndipo penye kazi, utasema inapatikana wapi nyumbani kwenu. Si maabara wala kiwandani. Nyumbani. Aliyepata heliamu alikuwa na haki ya kulalamika, na kila mwaka alilalamika.

Rachel aliingiza mkono mfukoni, akatoa kizibo chake, akakisoma. Kilikuwa na herufi moja tu, F ya florini. Gladys, aliyekaa naye dawati moja, alichungulia, kisha akageuza uso dirishani haraka mno, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani. Nyuma yao wavulana wawili wakanong'ona, na mmoja akacheka kwa pua. Hata asiyejua kemia hata kidogo anaijua floraidi, chumvi ya florini, maana imeandikwa kwenye kila tyubu ya dawa ya meno.

Na meno ya Rachel yalikuwa ya kahawia. Si uchafu, maana alipiga mswaki kuliko darasa zima, na wala hayakuwa yameoza. Yalikuwa tu ya kahawia, yale ya mbele yakiwa na mistari iliyokolea na vishimo vidogo vidogo, na yalikuwa hivyo tangu meno ya utoto yalipong'oka na haya ya ukubwani kuota. Alishazoea kuongea na kiganja mdomoni. Katika picha zote alizopigwa tangu darasa la tatu alikuwa amefunga midomo mithili ya askari wa gwaride.

Mwalimu Aristides aliliona jambo lile kabla mfuko haujafika dawati la nyuma. Kipindi kilipoisha alimwita pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba akitaka anaweza kubadilisha, kipo kizibo cha magnesi hakijachukuliwa. Rachel alimjibu kwamba hakuna shida, florini inatosha. Mwalimu akadhani ni ujasiri, akamtazama kwa heshima mpya. Haukuwa ujasiri. Ilikuwa ni kwamba Rachel hakuona tofauti yoyote.

Mambo yalikuwa hivyo tangu mwezi wa tatu, walipomzika mama yake. Presha ilimpanda Evelyn wiki chache baada ya kujifungua, ikamwangusha jikoni, na hakuamka tena. Rachel alisimama kaburini kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, watu wakilia kulia na kushoto kwake, naye akawa anaangalia jinsi fundi alivyokuwa amechanganya saruji na mchanga. Hakulia siku ile wala siku zilizofuata. Shangazi yake aliyekuwa akiishi naye Pasua, pale pale mjini Moshi, siku za masomo aliwaambia majirani kwamba huyu mtoto ana moyo mgumu, na Rachel alisikia, na hilo nalo halikumuuma. Aliamka, akaoga, akala alichopewa, akaitika jina lake likiitwa. Huzuni angeijua. Kilichokuwa ndani yake hakikuwa huzuni wala kitu kingine, palikuwa patupu tu, na yeye akawa anaishi pembezoni mwake bila kuchungulia.

Wiki ile Mwalimu Aristides alifundisha jedwali. Kiingereza ndiyo lugha ya somo, na alianza nacho, lakini kila alipotaka kitu kiingie kichwani alihamia Kiswahili bila kuomba radhi kwa mtu. Ukishuka chini ya kundi, alisema, atomu inanenepa, kwa sababu kila hatua inaongezewa ganda jingine, na elektroni za nje zinakaa mbali zaidi na kiini. Kiini kinazivuta, lakini kwa mbali. Ndiyo maana katika kundi la kwanza, ambalo kazi yake ni kutoa, walio chini ndio wepesi wa kutoa: potasiamu huiachia elektroni yake upesi kuliko sodiamu iliyo juu yake. Kwa mengine wanafanana kama ndugu, kazi ya mmoja mwenzake anaiweza.

Halafu akaenda upande wa pili wa ubao, kundi la saba. Hao hawatoi, hao wananyang'anya. Kila mmoja amepungukiwa elektroni moja tu, na hana raha mpaka aipate. Na hapo mambo yanageuka: mkali kuliko wote ni yule wa juu kabisa, mdogo kuliko wenzake, kwa sababu mwenye nyumba ndogo anasikia kila kinachopita mlangoni. Akaichora florini. Huyu, akasema, huko nje hutamkuta peke yake hata siku moja. Siku zote kashikilia mtu, na akishika haachii.

Rachel aliandika yote hayo kwa mwandiko mzuri. Yalimwingia, maana kichwa chake kilikuwa kizima. Ni sehemu nyingine ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi.

Alibakiza lile swali la mwisho, florini ya nyumbani iko wapi. Dawa ya meno lilikuwa jibu la mvivu, na Mwalimu Aristides alikuwa na tabia ya kuwarudisha wavivu kukaa. Kwa hiyo Alhamisi alimfuata maabara, akamkuta anaosha mirija ya majaribio, akamuuliza bila kuzunguka kama kweli meno kama yake yanasababishwa na florini. Mwalimu akasema ndiyo, na akaendelea kuosha. Rachel akauliza tena, kiganja mdomoni, inakuwaje basi mtu ayarithi kutoka kwa mama yake.

Mwalimu Aristides aliuweka mrija chini.

"Rangi hiyo hairithiwi, Rachel," alisema. "Inaliwa. Au inanywewa, wakati mtoto ni mdogo na jino bado liko ndani ya ufizi linajengwa. Likishatoka nje limeshatoka, hulisafishi wala huliharibu."

Akamwambia mengine: kwamba jino limejengwa kwa kalsiamu, na floraidi ikiwa kidogo inalisaidia, lakini ikizidi inaliharibu lingali changa. Kwamba maji ya baadhi ya visima vya tambarare yana floraidi nyingi, ndiyo maana huko watu wengi wana meno kama hayo. Akamuuliza amekulia wapi. Rachel akasema Mwika, tangu kuzaliwa, na maji yao ni ya mfereji unaoshuka kutoka msituni. Mwalimu akakunja uso akisema kwamba maji ya juu kule kwa kawaida hayana tatizo.

"Nyumbani mnapikia magadi? Nayo mara nyingi yana floraidi."

Rachel alikuwa na jibu kabla swali halijaisha.

Sasa lazima tuseme jinsi mambo yalivyokuwa katika nyumba ile. Evelyn alikuwa ameolewa kutoka Kahe, kule chini kwenye joto, na alikuwa na meno ya kahawia. Bibi Elinipendo, mama wa mume, alikuwa mtu mwema, mwimbaji wa kwaya, mkono wake mwepesi kwa wagonjwa, lakini mkwe yule hakuwahi kumwingia sawasawa, na sababu aliyoitaja siku zote ilikuwa ni meno. Rachel alipoota meno yake ya ukubwani yakatoka kahawia, hukumu ikawa imepita. Meno ya Kahe, alisema Bibi, na ukoo mzima ukasema naye. Katika harusi walisema, katika ubarikio wa watoto kanisani walisema, tena kwa utani, ule utani ambao anayetaniwa ndiye pekee asiyecheka. Evelyn aliinamisha kichwa. Usiku na mchana angeweza kujitetea, lakini atajiteteaje na ushahidi uko mdomoni mwake na mdomoni mwa mwanawe? Jumamosi alimkalisha Rachel mlangoni akamsugua meno kwa mkaa na chumvi mpaka fizi zikatoa damu, huku akimwambia samahani mwanangu, samahani. Alikuwa akiomba radhi kwa damu ya ukoo wake, aliyodhani amemrithisha.

Na Rachel alikumbuka la mwisho. Godlove, mdogo wake, alipozaliwa, Bibi aliingia chumbani na bakuli la mtori wa mzazi, akamtazama mtoto, akasema mbele ya wageni kwamba tumwombe Mungu huyu asije akachukua meno ya Kahe. Evelyn alikuwa amelala ameelekea ukutani. Hakugeuka.

Kumbe maji ya Kahe yaliyaharibu meno ya Evelyn tu, yakaishia hapo. Ya Rachel yalitoka kwingine. Yalitoka kwenye kopo la magadi lililokaa juu ya kichanja cha jiko, magadi yaliyotiwa katika kila sufuria ya kiburu aliyolishwa tangu alipoanza kula, ili maharage yalainike na ndizi zipondeke vizuri zisimsumbue mtoto tumbo. Na Evelyn hakulijua pishi lile alipokuja. Kwao hawali kiburu. Alifundishwa.

Rachel aliyapanga haya yote kichwani akirudi Pasua kwa miguu, moja baada ya jingine, kwa utulivu ule ule wa kupanga elementi. Hata yalipokamilika hayakumpandisha wala kumshusha. Alifika, akamsalimia shangazi shikamoo, akamenya viazi.

Ijumaa walisimama mbele ya darasa. Gladys alikuwa na potasiamu, na alikuja na mfuko wa majivu ya maganda ya ndizi. Alieleza kwamba bibi yake wa Marangu huyakausha maganda, akayachoma, akayachuja majivu yake kwa maji, na maji yale ndiyo analainishia maharage, kwa kuwa ndani yake kuna chumvi ya potasiamu, na potasiamu inakaa chini ya sodiamu iliyomo kwenye magadi, kwa hiyo kazi ni ile ile. Mwalimu Aristides alifurahi mpaka akapiga meza kwa kofi. Rachel, aliyekuwa akisubiri zamu, alilisikia hilo akaliweka pembeni.

Alipoitwa alikwenda mbele mikono ikiwa chini. Alisema florini iko kundi la saba, ni ndogo kuliko wenzake wote wa kundi hilo, inavuta elektroni kuliko elementi nyingine yoyote, na kadiri unavyoshuka kwenda klorini, bromini na iodini nguvu hiyo inapungua. Wengi darasani walikuwa hawajawahi kumwona akiongea bila kiganja.

"Nyumbani iko kwenye magadi," alisema. "Na hapa." Akafungua mdomo, akawaonyesha safu ya juu, halafu ya chini, bila haraka, kama anayemwonyesha daktari.

Hakuna aliyecheka. Yule mvulana wa kucheka kwa pua alikuwa ameinama anatafuta kalamu ambayo haikuanguka. Rachel alisubiri kuona kama ataona aibu, na aibu haikuja, akarudi kukaa. Mwalimu Aristides alichelewa kidogo kumpa alama. Kisha akamuuliza jambo moja, si la mtihani: nyumbani kwao kuna mtoto mdogo?

Rachel akasema yupo. Ameanza kula.

Jumamosi alipanda Mwika. Baba yake, Eliezeri, alikuwa mlimani na wageni kama kawaida, kazi ya kuongoza watalii haina Jumamosi. Alimkuta Bibi Elinipendo amekaa jikoni kwenye kigoda, Godlove mapajani. Huyu bibi, na haki yake apewe, alikuwa amebeba mzigo usiokuwa wa umri wake. Tangu msiba alikuwa akimfunga mtoto mgongoni akienda kumkatia ng'ombe majani, akiamka naye akilia, akimwimbia nyimbo za kwaya. Watu wote walimsifu, na walikuwa sahihi. Mkononi alikuwa na kijiko, na kwenye bakuli kulikuwa na kiburu laini kilichopondwa vizuri.

Rachel alimwamkia, Bibi akaitika marahaba mjukuu wangu, akamwambia chakula kipo. Godlove aligeuza kichwa akamchekea dada yake. Meno mawili ya chini yalikuwa yameshachomoza, meupe kama punje za mahindi machanga. Hayo ni ya utoto, yatang'oka. Yale yatakayobaki naye maisha yalikuwa bado ndani, yanajengwa sasa hivi, kijiko kwa kijiko.

Rachel alimtazama na hakusikia chochote moyoni, kama alivyokuwa hasikii siku zote akimtazama. Lakini alijua. Akaona kumbe mtu anaweza kufanya linalopaswa kwa kujua tu.

"Bibi, usimpe hicho."

Bibi alidhani ni cha moto, akakipuliza. Rachel akamweleza. Alieleza taratibu, kwa Kiswahili chepesi, bila elektroni: kwamba kwenye magadi ya dukani kunakuwa na kitu kinachoingia kwenye jino la mtoto likiwa bado ufizini na hakitoki tena, na kwamba meno yake mwenyewe yaliharibika kwa njia hiyo. Bibi alimsikiliza huku akikoroga bakuli. Alipomaliza, Bibi alicheka kidogo, bila ubaya.

"Shule hizi. Hayo ni meno ya Kahe, mjukuu wangu. Mama yako alikuwa nayo, na wewe ukachukua kwake. Mungu amrehemu."

"Mama alikunywa maji ya Kahe. Mimi sijawahi kuyanywa. Nimekunywa maji haya haya unayokunywa wewe."

"Basi mbona na mimi nakula magadi?" Bibi akainua kijiko. "Na baba yako je? Nimemlea kwa kiburu kwa mikono yangu hii. Umewahi kuona doa kwenye meno ya Eliezeri?"

Hilo Rachel hakuwa amelipanga. Meno ya baba yake yalikuwa meupe kabisa, na ukoo uliyataja kama ushahidi. Alisimama pale jikoni, moshi ukimwingia machoni, akitafuta kosa lilipo kama anavyolitafuta kwenye mlinganyo usiokubali kukaa sawa. Kisha akayakumbuka majivu ya Gladys.

"Baba ulimlainishia kwa nini, Bibi?"

Bibi Elinipendo alifungua mdomo kujibu, na kijiko kikabaki njiani. Godlove alikifuata kwa mdomo wazi, kikawa hakifiki.

"Majivu," Bibi alisema.

Alilisema polepole. Zamani hizo, aliendelea, na sasa alikuwa hamwambii Rachel bali anajikumbusha mwenyewe, magadi hayakuwa yakipatikana ovyo, na mama yake na yeye na wanawake wote wa mtaa ule walichoma maganda. Ilikuwa kazi ya kuchosha, kukausha, kuchoma, kuchuja. Halafu maduka yakaanza kuleta magadi, robo kilo unapikia miezi. Evelyn alipoolewa, yeye Bibi alikuwa ameshayaacha majivu siku nyingi. Na Evelyn alipojifungua huyu Rachel, ni yeye Bibi aliyemshika mkono, akampeleka kwenye kichanja, akamwonyesha kopo, akamwambia utie kiasi hiki, mama Rachel, usimlishe mtoto wangu maharage magumu.

"Alikuwa hataki," Bibi alisema. "Alisema yanamchachia mdomoni. Nikamwambia ndivyo tunavyolea hapa."

Alimpa Rachel mtoto, akainuka, akachukua bakuli na sufuria nzima, akatoka nazo akazimwaga kwenye shina la mgomba. Godlove akalia kwa njaa. Rachel akammenyea ndizi mbivu.

Mchana ule walifanya kazi. Maganda makavu hayakosekani katika nyumba ya Mchaga, yalikuwa yamerundikwa nyuma ya zizi. Rachel aliyachoma juu ya bati, akayakusanya majivu, akayatia kwenye kitambaa safi, akayamwagia maji, na Bibi akaonyesha kwa kidole tu pale alipokosea. Maji yalitoka ya rangi ya chai hafifu. Wakachemshia maharage, na maharage yakalainika. Sodiamu na potasiamu, moja juu ya mwenzake. Ilikuwa sahihi, na Rachel alijua ni sahihi, na siku nyingine hilo lingemfurahisha.

Asubuhi ya Jumapili kengele ya kanisa ililia, na Bibi Elinipendo hakuvaa gauni lake la kwaya. Jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu Rachel apate akili, hata wakati wa mvua kubwa. Alikuwa na kanga zake za nyumbani, miguu peku, amekwenda kwenye ua wa masale unaotenga kihamba chao na cha jirani. Rachel alimwona kupitia dirishani akichagua, akiacha moja, akishika jingine, kisha akachuma jani moja refu zima lisilo na doa, akalifunga fundo.

Hakuna mtu wa mlimani anayehitaji kuelezwa isale, jani moja la masale, ni nini. Ukimkosea mtu mpaka maneno yakaisha, unampelekea jani hilo, na mwenye kosa halipeleki mwenyewe, analituma kwa mkono wa mtu. Anayeletewa isale hakatai. Hata kama ni damu ilimwagika, akiliona jani amekwisha, lazima asamehe. Wazee walipatana kwalo kabla makanisa hayajaja, na makanisa yalipokuja hayakuweza kuling'oa.

Bibi aliingia ndani, akasimama mbele ya Rachel. Alionekana mdogo kuliko jana.

"Mpelekee mama yako."

Rachel alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akatoka, akapita kando ya zizi, akaingia katikati ya migomba mpaka kwenye kaburi. Saruji ilikuwa imeshapata ufa mdogo upande wa miguu, fundi yule alizidisha mchanga. Aliliweka jani juu, usawa wa kifua, akasimama. Alijaribu kumfikiria mama yake akiwa ameelekea ukutani. Akajaribu kumfikiria akisugua kwa mkaa na kusema samahani, samahani, kwa kosa ambalo halikuwa lake, miaka yote ile, mpaka akafa akidhani ni lake.

Hapo ndipo kitu kilipowaka. Kilikuwa cha moto, na Rachel ambaye alikuwa hajasikia kitu tangu mwezi wa tatu alichukua muda kukitambua. Ilikuwa hasira. Alimkasirikia Bibi yake kwa hasira safi, kubwa, isiyokuwa na adabu, akashika mgomba. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Aliporudi, Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile, akimlisha Godlove kiburu kipya. Hakuinua macho.

"Amepokea?"

"Amepokea," alisema Rachel, kwa sababu anayeletewa isale hakatai, na mama yake hakuwahi kumkatalia mtu kitu.

Bibi akavuta pumzi ndefu, akapangusa kidevu cha mtoto.

"Na wewe?"

Rachel alisimama mlangoni. Mkono ulitaka kupanda mdomoni, kwa mazoea, akaushusha.

"Langu sijaletewa, Bibi."

Bibi Elinipendo alimtazama usoni, akaona alivyokuwa amelia, na akayaona meno. Aliweka kijiko ndani ya bakuli, akamkalisha Godlove chini juu ya mkeka, akainuka kwa kushika ukuta. Kisha akapita pembeni ya mjukuu wake, akarudi tena kule kwenye ua wa masale.